Springi sokoni Kirkgate, Leeds: rubabu nunueni, stroberi subirini kwanza

Nianze na hukumu kabisa, mwenye haraka achukue aende zake. Kama uko Leeds au miji ya jirani, Bradford, Wakefield, Huddersfield huko, na unataka kitu kitamu baada ya chakula ambacho kinashibisha na mwili unapata faida, basi kuanzia Februari mpaka Juni achana na vile vikopo vya dezati vya supamaketi, nenda safu ya matunda pale Kirkgate Market, beba rubabu (rhubarb, mabua mekundu nitakayoyaeleza mbele), njiani chukua maziwa na boksi la kastadi, rudi nyumbani upike. Stroberi nazo zina zamu yake, nitafika huko, ila sio Machi jamani, Machi bado kabisa.

Soko lenyewe kwa asiyelijua liko katikati ya mji, jirani na stendi kuu ya mabasi, ni la ndani lenye paa, sehemu yake ya kwanza yenye paa ilifunguliwa 1857 na lile jumba la mbele lenye manakshi lilifunguliwa 1904, halafu 1975 moto ukala sehemu kubwa wakajenga tena. Hapo hapo ndo Michael Marks alipoanza na meza yake ya kila kitu peni moja mwaka 1884, ile iliyokuja kuwa Marks & Spencer, ukipita ndani utaiona saa yao ya ukumbusho. Mimi historia sikuifuata, nilifuata bei. Ila nakiri ni raha kununua matunda mahali penye watu wanaongea, sio kupiga kadi kwenye mashine na kuondoka kimya kimya.

Wauzaji wa matunda wanapiga kelele za bei toka asubuhi, vitu vimepangwa kwenye mabakuli, unaonyesha bakuli unalotaka anamimina lote kwenye mfuko, habari imeisha. Wazee bado wanakutajia bei kwa ratili ingawa kibao kimeandikwa kilo. Na kila mteja anaitwa mpenzi, mwanamke mwanaume mzee kijana wote wapenzi, kwa hiyo dada yangu mgeni usije ukadhani umetongozwa, na kaka usivimbe kichwa, ndo Kiyorkshire hicho. Ukiuliza kitu wanakuelekeza vizuri, nshawahi kuuliza rubabu ipi inafaa kuoka na ipi ya kupondeka, mama muuzaji akaniacha nichague bua moja moja huku akinieleza, foleni nyuma yangu inasubiri na hakuna aliyeguna. Hiyo huduma kwenye duka kubwa huipati.

Sasa rubabu. Ambao hamjakutana nayo, ni mabua mekundu hivi yenye urefu wa sentimita thelathini arobaini, kitaalamu ni mboga sio tunda, lakini Waingereza wanaipika na sukari na imekaa kwenye dezati zao toka enzi za Victoria huko, manake kabla ya sukari kuwa rahisi hakuna mtu mwenye akili zake angeihangaikia. Mbichi huiwezi, inatia ganzi meno. Ukiipika ndo inageuka kitu kingine, ukali unabaki kwa mbali, kama juisi ya mabungo iliyokolea sukari vizuri, na ina harufu fulani ya kimarashi ambayo ikikutana na hiliki we acha tu.

Zipo za aina mbili na ni muhimu ujue unanunua ipi. Kuna ya banda, hii inaanza Januari mpaka Machi hivi, ni ya waridi imekoza, laini, haina nyuzi, na bei yake imechangamka. Halafu kuna ya nje, ya shambani, inaingia Aprili mpaka Juni, hii ina ukijani ukijani, nene, kali zaidi, na ni bei chee. Watu wengi wanakwambia ya banda ndo ya maana, ya nje ni ya maskini. Mimi sikubaliani. Kwa kula na kastadi au mtindi, pale unapotaka vipande vikae vizima na rangi ivutie, ndio, lipa hela ya banda. Ila kwa krambo, ile dezati ya matunda yaliyofunikwa na chenga za unga na siagi na kuokwa, kwa kuchanganya na stroberi, kwa kupika iwe rojo ya kupaka, ya nje ina nguvu zaidi, ile ya banda inapotea mdomoni ukiifunika na unga na siagi.

Hii ya banda tulienda kuiona inakolimwa, mashamba mengine yanapokea wageni kipindi cha msimu, na kwa mwenye watoto ni matembezi mazuri kuliko kuwapeleka kula baga. Mzizi wa rubabu unakaa shambani miaka miwili bila kuvunwa, unajijaza tu akiba, unapigwa na baridi ya barafu, halafu kuanzia Novemba wanaung'oa wanauingiza kwenye mabanda marefu, chini chini, yenye giza totoro na yamepashwa joto. Mle ndani mmea hauna mwanga wa kujitengenezea chakula, unakula akiba yake ya wanga iliyoko kwenye mzizi, wanga unageuka sukari, bua linapanda juu linautafuta mwanga ambao haupo. Ndo maana linakuwa laini na halina ukijani. Mwanangu akauliza kwa nini hawawashi taa, jibu ni kwamba ukiwasha umeharibu kila kitu, bua linaanza kujitengenezea kijani na kukomaa. Kwa hiyo wanavuna kwa mishumaa, kweli kabisa, mishumaa imechomekwa kati ya mistari, wavunaji wanapita wameinama wanachomoa bua moja moja kwa kulizungusha kidogo. Na mkinyamaza nyote mnasikia, pap, pap, vichipukizi vinapasua ganda lake kwa kasi ya kukua. Watoto walikaa kimya bila kuambiwa, mwenye watoto wa kiume anajua hilo ni tukio.

Eneo lenyewe wanaliita Pembetatu ya Rubabu, liko kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, zamani lilikuwa kubwa zaidi na inasemekana sehemu kubwa kabisa ya rubabu ya banda duniani ilitoka hapo. Kwa nini hapo? Kwanza baridi ya kutosha, pili makaa ya mawe yalikuwa jirani kwa hiyo kupasha mabanda moto ilikuwa rahisi, tatu viwanda vya nguo vya huku vilikuwa vinatupa mabaki ya sufu, wakulima wakayamwaga shambani kama mbolea manake sufu ina naitrojeni inayotoka taratibu. Treni ilikuwa inapakia rubabu kila usiku wa msimu kwenda London. Vita vya pili vikaja, sukari kwa mgao, watu wakalishwa rubabu kali mpaka wakaichukia, na vita vilipokwisha matunda ya nchi za joto yakaingia, ndizi zetu na mananasi hayo, wakulima wengi wakafunga. Waliobaki ni wachache. Mwaka 2010 jina likapewa ulinzi wa kisheria wa Ulaya, kwa hiyo ukiona imeandikwa Yorkshire Forced Rhubarb ujue ni ya kwao kweli. Najisikia kuwaunga mkono, japo kwa upande wa ndizi sina cha kuomba radhi.

Tahadhari moja kabla hujaingia jikoni, na hii naisema kwa herufi kubwa moyoni: MAJANI YAKE HAYALIWI. Ya banda inakuja na jani dogo la njano juu, kata tupa. Ya nje ukiikuta kwenye bustani ya mtu ina majani mapana ya kuvutia na sisi tunavyopenda mboga za majani utaanza kufikiria nazi na kitunguu, achana nayo, yana asidi ya oksaliki nyingi, ni sumu. Mabua yenyewe yanayo kidogo pia, mtu mzima mwenye afya hana shida, ila mwenye historia ya mawe ya figo aulize daktari kwanza au ale kidogo. Kuila na maziwa au mtindi kuna faida yake hapa, kalsiamu ya maziwa inaikamata ile oksaliki tumboni humo humo kabla haijaingia mwilini. Kumbe Waingereza kuipenda na kastadi hawakuwa wajinga.

Kupika. Kosa la wengi ni kuichemsha na maji sufuriani, inavunjika dakika tatu unabaki na uji wa waridi. Mimi naoka. Rubabu nusu kilo, kata vipande vya urefu wa kidole gumba, panga kwenye trei visipandane, nyunyiza sukari gramu 75 hivi, kamulia chungwa moja na ukwangue ganda lake kidogo, hiliki punje nne tano umezitwanga, funika na foili, oveni nyuzi 180, dakika kumi na tano. Ya nje inataka dakika ishirini na sukari ya ziada. Fungua foili uchome na ncha ya kisu, ikiingia bila kubishana toa haraka, manake inaendelea kuiva yenyewe ikiwa ndani ya trei. Iache ipoe bila kuigusagusa. Mtabaki na vipande vizima na juisi nyekundu chini, ile juisi msiimwage, weka kwenye chupa, maji ya baridi na barafu, ni shabati ya nguvu.

Mwenye kukwepa sukari, kata tende laini saba nane uzitandaze chini ya vipande, punguza sukari iwe kijiko kimoja, zinayeyuka zinakuwa rojo. Hii ndo niliyoipikia futari na imekaa kwenye meza yetu. Mnajua Ramadhani miaka hii imekuwa ikiangukia mwisho wa baridi na mwanzo wa springi, yaani msimu wa rubabu hasa, na baada ya tambi na kaimati na sambusa tumbo linatamani kitu chepesi chenye ukali kidogo wa kukata mafuta. Bibi wa jirani, Mpakistani, nilimpelekea bakuli, bakuli likarudi na pilau. Kwa hiyo imekubalika kimataifa.

Kastadi. Hii wote tunaijua kutoka nyumbani, boksi la unga, maziwa, imemwagiwa juu ya ndizi na mapapai kwenye bakuli la kioo siku za wageni. Kumbe chanzo chake ni Birmingham, mfamasia Alfred Bird mwaka 1837 alitengeneza kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru, na kastadi ya asili ni ya mayai. Akatumia wanga wa mahindi badala yake. Kwa hiyo ule unga wenyewe, tuambiane ukweli, hauna lishe yoyote ya maana, ni wanga na rangi na harufu. Lishe iko kwenye maziwa. Paketi inasema vijiko viwili vya chakula vya unga kwa painti moja, ambayo ni mililita 568, na hiyo painti ya maziwa mazima ina protini kama gramu 19 na kalsiamu inayokaribia mahitaji ya mtu mzima ya siku nzima. Mkigawana wanne kila mtu kapata kitu. Sasa mtu anakuja anaikoroga na maji nusu maziwa nusu kubana matumizi, afu anashangaa haishibishi.

Yangu mimi naongeza kiini cha yai kimoja au viwili kama hakuna anayedhurika, unakipiga na ule unga na maziwa ya baridi kidogo kwanza, afu unamimina maziwa ya moto taratibu huku unakoroga, unarudisha motoni mpaka ikaze. Rangi inakuwa ya dhahabu yenyewe na inapanda daraja. Na jaribuni siku moja robo ya maziwa muweke tui zito la nazi. Rubabu na nazi na hiliki kwenye bakuli moja, mimi hapo huwa naacha kuongea na watu.

Kitu kingine ambacho hutakikuta kwenye kitabu cha Mwingereza: mkate wa sinia. Ule wa mchele na nazi, uliochachuka vizuri, una vitundu, umekaushwa juu rangi ya kahawia. Kipande chake cha vuguvugu, rubabu ya kuokwa pembeni, kijiko cha mtindi mzito. Mkate wa sinia kwa asili ni mtamu na mafuta ya nazi yanaujaza mdomo, rubabu inakuja inaupangusa. Nimewapa watu wa hapa ofisini wakauliza ni keki ya nchi gani, nikawaambia ya pwani, na nikaishia kupewa zamu ya kuleta kila Ijumaa, sifa nazo zina gharama yake.

Krambo sitaiongelea sana, kila mtu anayo yake. Mimi unga gramu 100, oti zile za uji gramu 100, siagi 75, sukari 50, lozi kidogo zilizopondwa, sugua na vidole iwe chenga chenga, tandaza juu ya rubabu ya nje mbichi iliyochanganywa na sukari na tangawizi, nyuzi 180 mpaka ichemke pembeni na juu iwe kahawia. Oti ndo zinafanya iwe chakula na sio peremende. Ikibaki asubuhi unakula na mtindi kama staftahi na dhamiri yako safi.

Na nikirudi kwenye vile vikopo, manake mtu ataniuliza si zipo zimeshatengenezwa. Zipo. Nilinunua vya duka moja kubwa, silitaji, kava lina picha ya rubabu inang'aa, ndani kijiko kimoja cha jamu chini kabisa na juu yake krimu tamu tupu, ukimaliza una njaa ile ile na kiu juu. Soma orodha ya viungo nyuma, cha kwanza kikiwa sukari ujue umenunua sukari. Tofauti ya bei ndo inaudhi, kwa hela ya vikopo vinne unapika trei ya familia nzima na inabaki.

Haya, stroberi. Najua mnazipenda, mimi pia. Machi utazikuta madukani kila kona, kubwa, nyekundu, zinatamanisha, nyingi ni za Uhispania, Moroko au Misri, zimechumwa kabla hazijaiva ili zistahimili safari, na stroberi ikishachumwa haiongezi utamu tena, sio kama ndizi au embe ambalo utaliacha dirishani liive. Inaweza kuwa nyekundu zaidi ila utamu umeganda pale pale ilipokatwa. Kwa hiyo unapochagua, inua yale majani ya kichwani uangalie chini yake, kukiwa na shingo nyeupe pana iache, hata uso wake uwe mwekundu vipi. Nusa. Stroberi isiyonukia haina ladha, hakuna siri nyingine. Za hapa Uingereza za kwenye mahema ya plastiki zinaanza kuingia mwisho wa Aprili na Mei, zile za shamba la wazi ni Juni mpaka Julai, na Juni ndo unafunga breki pale Kirkgate kabla hujaziona, pua inakuita yenyewe.

Zikiwa nzuri msizipike. Kata, kijiko cha chai cha sukari, tone la ndimu, ziache nusu saa zitoe maji yake, mimina juu ya mtindi wa Kigiriki usiotiwa kitu. Vitamini C ya stroberi ni nyingi, gramu mia zina karibu miligramu 60, zaidi ya chungwa kidogo, na moto unaipunguza, sababu nyingine ya kuacha sufuria pembeni. Mtindi unaleta protini, ukitaka kushiba kabisa nyunyiza korosho zilizokaangwa bila chumvi, zile tunazotumiwa kutoka Mtwara ndani ya mabegi ya wageni. Sio kila siku uwe na korosho za kwenu, kwa hiyo siku hiyo iheshimu. Mei kuna wiki mbili tatu hivi ambapo rubabu ya nje na stroberi za mwanzo ziko mezani pamoja, hapo ndo utafute: rubabu umeshaoka imepoa, stroberi mbichi unazichanganya humo humo, ile juisi ya rubabu inazipa ukali ambao stroberi za mwanzo zinaukosa, na sukari unaipunguza.

Kuna tunda lingine la springi ambalo Waingereza hawalihesabu ila sisi tunalihesabu, nalo sio la Kirkgate sana, ni la maduka ya Wahindi na Wapakistani, mtaa wa Harehills hapa Leeds au ukivuka kwenda Bradford. Maembe ya India, Alphonso, na Kesar ya Gujarat. Yanaingia Aprili, kwenye maboksi, yamelazwa kwenye karatasi au manyasi. Mwaka 2014 Ulaya iliyapiga marufuku kwa sababu ya nzi wa matunda, watu wakaomboleza, mwaka uliofuata wakayafungulia. Yakiisha yanafuata ya Pakistani. Sasa mtu wa embe dodo na bolibo atasema embe gani hili dogo hivi kwa bei hii. Onja kwanza. Halina nyuzi hata moja, nyama yake ya rangi ya chungwa iliyokolea, na usilile likiwa limekaza, lisubiri mpaka ngozi ianze kujikunja kidogo na boksi zima linukie chumba. Saga maembe mawili na mtindi na hiliki, bila sukari kabisa, weka friji masaa mawili. Hilo ni dezati la mgonjwa, la mtoto, la mama mjamzito, la mzee asiye na meno. Malalamiko yangu ni kwamba lazima ununue boksi zima na yanaiva yote siku moja, kwa hiyo nunueni mgawane nyumba mbili tatu.

Nikirudi Kirkgate, kama ni nyota natoa nne kati ya tano kwa mtu wa matunda. Ile moja naibakisha kwa sababu rubabu ya banda bado ni ghali kwa familia kubwa, na hilo sio kosa la muuzaji, mabanda yanapashwa moto na mishahara ya kuvuna kwa mkono inalipwa. Nendeni mapema kama mnataka kuchagua, asubuhi mabua yanakuwa yamesimama imara, vunja kidogo ncha ya moja, ikitoa mlio na maji ni ya jana au leo, ikipinda bila kuvunjika imekaa. Nendeni jioni kama mnataka bei, karibu na kufunga mabakuli yanaungana, mawili kwa bei ya moja, na kwa krambo hayo yanatosha sana. Hela taslimu kidogo mfukoni inasaidia mazungumzo. Kama popote penye mabakuli, angalia kilicho chini kabla hakijamiminwa, kwa adabu tu, wenyewe hawakasiriki.

Mwisho wa Juni wanaacha kuikata ya nje ili mmea ujijazie akiba ya mwaka unaofuata, bei inashuka sana zile siku za mwisho, hapo ndo nanunua nyingi. Naosha, nakausha na taulo, nakata, natandaza kwenye trei, naweka friza vigande kimoja kimoja bila kushikana, afu natia mifuko naandika tarehe. Havihitaji kuchemshwa kwanza. Desemba unavitoa vikiwa vya barafu hivyo hivyo, moja kwa moja chini ya krambo, ongeza kijiko cha wanga wa mahindi manake vikiyeyuka vinatoa maji mengi kuliko vibichi.